Nina frem Kwarara nataka kuifanya studio ya kukodisha, nitoze kiasi gani na wateja niwapate wapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mie ni mpiga picha wa harusi, mwanamke, kazi nimeianza zamani kidogo. Baba ana frem chini ya nyumba yetu Kwarara, ni futi 16 kwa 24, dari futi 10, iko tupu. Nataka niifanye studio ya picha ya kuwakodisha wapiga picha wenzangu kwa saa. Wengine wananambia bora nikakodi Mji Mkongwe kwa sababu ndo kwenye watalii. Akiba yangu kama milioni 14 na kitu. Nianzie wapi, bei niweke vipi na watu wanijue vipi? Mana studio nlizoziona zinafunguliwa kwa shangwe kisha baada ya muda zinafungwa, naogopa.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah mdogo wangu. Nianze na hilo ulomalizia, la studio kufungwa, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yote yatakuja yenyewe.

Studio ya kukodisha haifungwi kwa kukosa watu Jumamosi. Jumamosi na Jumapili hata studio mbovu inajaa, harusi zipo, watoto wana birthday, watu wako nyumbani. Inafungwa kwa sababu Jumatatu mpaka Alkhamis mlango uko wazi, msichana wa studio amekaa anachezea simu, kodi inakwenda, mshahara unakwenda, na hakuna alopiga hodi. Saa ikishapita haijauzwa ndo imekwenda, huwezi kuiweka ukaiuza kesho, ni kama samaki wa sokoni ikishafika magharibi na barafu hakuna. Kwa hiyo usijiulize "ntapataje wateja", hilo swali pana mno, jiulize nani hasa ana sababu ya kuja kwangu Jumanne saa 4 asubuhi. Ukimjua huyo na ukaijenga studio kwa ajili yake, wa Jumamosi watakuja tu hata usiwaite.

Tuweke hesabu kwanza ili uone nasema nini. Hizi namba ni za mfano, wewe badilisha uweke zako, ila usiache hata mstari mmoja. Frem weka laki 4 kwa mwezi, najua ni ya baba, weka hivo hivo na umlipe, mana biashara inayoishi kwa sababu kodi ni bure hiyo sio biashara bado, siku baba akipata mpangaji au ukitaka kufungua ya pili utajikuta hujui kama ulikuwa unapata au unakula. Msichana wa studio laki 4. Umeme laki 2 na nusu kwa sababu ya AC. Intaneti na simu laki 1. Usafi, karatasi za bekigraundi na rangi laki 2. Matangazo laki 1. Leseni na kodi za serikali ukizigawa kwa mwezi weka laki 1. Halafu kuna hili ambalo wengi hawaliweki, fungu la kununua vifaa upya: vifaa vya milioni 14 na laki 4 ukisema vitadumu miaka mitatu, basi kila mwezi vinakula laki 4, iwe umeviona vinakufa au hujaviona. Jumla milioni 1 na laki 9 na nusu.

Sasa saa. Ukifungua siku 26 kwa mwezi, saa 10 kwa siku, una saa 260 za kuuza. Hutoziuza zote, usijidanganye, mwanzo ukiuza asilimia 30 umefanya vizuri, hiyo ni saa 78. Gawa hiyo milioni 1.95 kwa 78 unapata elfu 25. Yani elfu 25 kwa saa ndo unarudisha gharama tu, hujapata hata shilingi. Mtu akikwambia "mbona fulani anatoza elfu 15" muache, huyo fulani ama hajapiga hesabu ya vifaa ama anakula mtaji bila kujua.

Hapo ndo inakuja hii ya siku za kati. Tuseme wikiendi unauza saa 40 kwa mwezi kwa elfu 40, hiyo milioni 1 na laki 6. Siku za kati unauza saa 38 kwa elfu 25, laki 9 na nusu. Jumla milioni 2 na laki 5 na nusu, toa gharama, unabaki na laki 6. Sio mbaya, ila ndo mahala wengi wanakwama, wanaanza kuongeza bei za wikiendi mpaka wapiga picha wanakimbia. Badala yake pandisha zile saa za kati zifike 70, bei ile ile elfu 25. Umeongeza laki 8, na gharama iloongezeka ni umeme kidogo tu na karatasi. Faida imetoka laki 6 imekaribia milioni 1 na laki 4, na wikiendi hukuigusa. Faida yako iko Jumatatu mpaka Alkhamis, iandike ubandike ukutani.

Haya, nani anakuja Jumanne? Tizama simu yako. Wauza abaya, wauza dera, marashi na udi, mitandio, kanzu za watoto, keki, sabuni za mwani, viungo vya vifurushi vya watalii, mapambo ya ukili. Zanzibar nzima hivi sasa inauza Instagram na WhatsApp, na wengi wao ni wanawake wanaouzia nyumbani, na picha zao wanapiga juu ya kitanda au kwenye mlango wa nyumba na ringi laiti moja, rangi ya nguo inatoka siyo, mteja akipokea anasema hii sio niloiona. Hawa wana shida ya kweli, mzigo mpya unakuja kila baada ya wiki chache, na Jumanne asubuhi watoto wakiwa skuli ndo wakati wao. Ila hawana mpiga picha na hawajui kama studio inakodishwa. Wewe wafungie pakeji: saa 2, laiti zimeshafungwa pahala pake hazihamishwi, meza ya bidhaa, karatasi nyeupe na moja ya rangi, yule msichana wako anawasaidia, na wanapiga kwa simu zao wenyewe. Ndio, kwa simu. Kwa simu flashi nyingi za studio hazifai, kwa hiyo hapa unahitaji laiti za LED zinazowaka muda wote, mbili kubwa zinatosha. Usiwadharau kwa sababu hawana kamera, hawa ndo watakaokulipia mshahara wa studio.

Na wauze saa kwa jumla. Mwenye duka anunue saa 10 kwa mkupuo kwa bei ya saa 8, azitumie ndani ya miezi mitatu, siku za kati tu. Pesa imeingia mapema, na yeye ameshajifunga na wewe, mzigo wake ukifika hafikirii tena aende wapi.

Kundi jengine la siku za kati ni wanawake wanaotaka picha zao wenyewe na hawana pahala. Hapa mdogo wangu una kitu ambacho wanaume wenye studio hawana na nakuomba usikichukulie kidogo. Bi harusi wa hapa anataka picha yake kavaa, kapambwa, nywele ziko nje, picha ya kuweka na mumewe au mamake basi, haitakiwi ionekane na mtu baki. Leo hii akienda studio anakuta vijana watatu wamekaa, dirisha la kioo linatizama barabarani, na wiki ya pili picha yake iko kwenye ukurasa wa studio. Kwa hiyo haendi, anapigiwa chumbani kwao na mwanga wa taa ya dari. Wewe ukiwa na siku moja kwa wiki, sema Jumatano, ni ya wanawake peke yao, wafanyakazi wanawake, pazia zito baada ya mlango ili anoingia asionekane ndani, chumba cha kubadilishia chenye kioo kirefu na kitasa kinachofunga kweli, wewe utapata wateja ambao hakuna mwengine anawapata. Mama mjamzito, dada walokuja likizo kutoka Omani na Dubai, bi harusi na mashoga zake siku ya hina, wote hao.

Stara hiyo lakini iwe ya kweli, sio tangazo. Kamera za ulinzi weka nje ya mlango na sehemu ya kusubiria, ndani ya chumba cha kupigia na cha kubadilishia isiwepo hata moja, na mteja muoneshe akague mwenyewe. Simu ya mfanyakazi inakaa dawati. Picha hazibaki kwenye kompyuta ya studio hata kwa usiku mmoja, anoondoka anaondoka na memori kadi yake na kompyuta inafutwa mbele yake. Picha ya mtu yoyote haipandi kwenye ukurasa wako bila yeye kusaini karatasi, na kama hataki, hujamuuliza mara mbili. Mji wetu mdogo huu, siri moja ikitoka umemaliza, hakuna tangazo litakalokurudishia.

Kuhusu Mji Mkongwe nakwambia baki Kwarara. Mji Mkongwe mzuri, na historia ya studio iko kule, A.C. Gomes alikuwa anapiga picha Zanzibar tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa 1930. Lakini wale walikuwa wanauza picha, wewe unauza chumba, ni biashara mbili mbali. Chumba kinataka gari ifike mlangoni, mtu ana masanduku ya nguo, ana stendi, ana keki ya ghorofa tatu, kwenye vichochoro vile atabeba kichwani. Kodi kubwa, nyumba za zamani vyumba vyake virefu na vyembamba, na kwa kuwa mji ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kubomoa ukuta au kubadilisha dirisha lazima upate kibali cha mamlaka ya mji huo. Na mtalii hakuja Zanzibar kupigwa picha ndani ya chumba cheupe, anataka bahari ya Nungwi na Paje na milango ya nakshi. Mtalii kwako ni ziada. Mteja wako anakaa Fuoni, Tomondo, Mwanakwerekwe, Kiembesamaki, Mombasa ya hapa Unguja, na anataka pahala pa kuegesha.

Chumba chako sasa. Futi 16 kwa 24 ni kama mita 4.9 kwa 7.3, kinatosha ila ukijue mpaka wake. Karatasi kubwa ya bekigraundi ina upana wa mita 2.72, inaingia vizuri na pembeni unabaki na nafasi ya laiti. Mtu asimame mita moja na nusu mbele ya karatasi ili kivuli kisiangukie nyuma. Mpiga picha mwenye lenzi ya milimita 50, kwa kamera ya sensa kubwa (full frame), anampata mtu mzima mpaka miguuni akiwa mita 3 hivi, mwenye 85 anahitaji mita 5 na kitu, yani atakuwa amegandia ukuta wa nyuma. Iandike hiyo kwenye tangazo wazi, "mtu mzima na lenzi ya 85 inawezekana kwa shida, kundi kubwa tumia 35 au 50", watu watakuheshimu kwa kuwaambia ukweli na hutokuwa na kesi za kurudisha pesa. Kundi la watu zaidi ya 8 waambie hapana.

Ule ukuta mweupe wa mviringo unaouona kwenye studio za Dubai usijenge sasa. Unakula kama mita nzima ya chumba, na kila ukikanyagwa unataka rangi. Anza na karatasi: nyeupe, kijivu, nyeusi na moja ya rangi ya udongo. Kuta zengine paka kijivu kisichong'aa, dari nyeupe isiyong'aa, sio pinki sio buluu, mana mwanga ukigonga ukuta wa rangi unarudi na rangi hiyo usoni mwa mtu na abaya nyeusi inakuwa ya zambarau. Nunua mbao nyepesi za foam, upande mmoja mweupe mwengine mweusi, ni rahisi na kila mpiga picha atazitumia.

Vifaa usivinunue kwa kupendeza. Flashi tatu zenye nguvu ya 400Ws kila moja, na mbili kati ya hizo ziwe za betri. Nakwambia betri kwa sababu umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari na sote tunakumbuka kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kilivokaa gizani. Siku hizi sio vile lakini kukatika kunakatika, na bi harusi hawezi kungojea. Flashi za betri zinamaliza kazi na AC imezima. Softiboksi (yale makasha ya kitambaa ya kulainisha mwanga) mbili kubwa, moja nyembamba ndefu, mwavuli mmoja, stendi nzito na mifuko ya mchanga ya kuzishikilia. Triga, kile kidude cha juu ya kamera kinachowasha flashi, ziwe za Canon, Nikon na Sony, moja moja, na betri mpya droo nzima, kwa sababu saa nyingi zinazopotea studio zinapotea kwa betri ya triga ilokufa na mpiga picha anahisi studio yako mbovu. Weka stebilaiza kwenye mstari wa vifaa, umeme ukirudi kwa kishindo ndo unaoua. Chukua AC ya BTU 24,000, ndogo ya hapo kwenye chumba kama hichi na laiti zikiwaka wakati wa kaskazi mekapu itamwagika, na mpambaji alotumia masaa matatu kumpamba mtu hatokusamehe.

Na unyevu. Sie tumezungukwa na bahari, lenzi zinaota ukungu kwenye begi, stendi zinashika kutu, karatasi ikilazwa inajikunja mawimbi na hainyooki tena. Karatasi zisimamishe wima. Lenzi na kamera za kukodisha kama utakuwa nazo ziweke kwenye kasha linalofunga hewa, na zile punje za kunyonya unyevu, na kile kipimo kidogo cha unyevu, kisome 40 mpaka 50. Ikizidi 60 kwa muda mrefu ukungu unaanza. Stendi zifutwe kila wiki, iwe ni kazi ya msichana siku ya usafi. Mie ningekushauri mwaka wa kwanza usikodishe kamera kabisa, laiti zibaki ndani ya studio, kitu kikitoka nje ya mlango mpaka Makunduchi huko hujui kitarudi vipi.

Masharti yako yawe mafupi na umpe mtu kabla hajalipa. Nusu ya pesa inalipwa mapema kwa simu au benki ndo saa inashikwa, "nakuja inshallah" sio buking. Akiahirisha kabla ya masaa 48 anahamishiwa siku nyengine, chini ya hapo amana imekwenda. Kiwango cha chini ni saa 2, mana saa moja mtu hata laiti hajazipanga. Muda unahesabika tokea saa alobuku, kuingia, kufunga na kufungua vitu vyote ndani. Akizidisha, kila nusu saa ina bei yake. Karatasi ikichafuka anakatiwa na kulipia kwa mita, kwa hiyo viatu vinafutwa chini kabla ya kukanyaga. Maua ya kurusha na vumbi la kung'aa lina malipo ya usafi. Udi mtu afukize sehemu ya kusubiria, chetezo cha makaa kisiingie kwenye karatasi hata kwa picha ya dakika moja, cheche moja tu. Na uache nusu saa kati ya mteja na mteja, usizibananishe, mteja wa pili akimkuta wa kwanza bado anavaa, ile stara uloitangaza imekwisha palepale.

Sasa kutangaza, na hapa kuna jambo gumu kwako kwa sababu wewe mwenyewe ni mpiga picha. Wapiga picha wenzako ndo wateja wako wa wikiendi na wataogopa kukuletea mteja wao ndani ya nyumba yako ukamchukua. Wana haki kuogopa. Waambie kwa maandishi: mteja anokuja na mpiga picha wake hatupi namba yetu, hatumfuati, hatumtumii ofa. Akija mwenyewe siku ya pili kuuliza, mrudishe kwa yule alomleta. Ukurasa wa studio uwe mbali na ukurasa wako wa harusi, jina jengine kabisa. Ukishikilia hilo kwa miezi sita bila kuteleza wapiga picha watakuwa ndo wanokutangaza. Na picha unazopandisha ziwe zao, jina lao juu, jina la studio chini. Yeye atashea kwa fahari, wateja wake wataona, na wewe hujalipa kitu.

Mwezi wa kwanza usipoteze pesa kwenye kulipia matangazo. Waalike wapiga picha kumi kumi, usiku baada ya isha, mtu mmoja anojua mwanga awafundishe jambo moja tu, kwa mfano kupiga abaya nyeusi juu ya bekigraundi nyeusi na mishono ionekane, au kupiga ngozi nyeusi na kanzu nyeupe pamoja bila kanzu kuungua kwa mwanga. Chai na visheti. Wakiondoka wameshaijua studio, wameshagusa laiti zako, hofu ya kifaa kigeni imetoka. Hilo linaleta watu kuliko tangazo lolote, kwa sababu wengi hawakodi studio si kwa bei, wanaogopa kuonekana hawajui mbele ya mteja.

Waendee wapambaji na saluni za maharusi. Mpambaji ndo anojua nani anaolewa lini kabla ya mtu mwengine yoyote. Usimpe kamisheni tu, mpe saa moja ya bure kila mwezi, siku za kati, apige kazi zake mwenyewe. Atakuja na msichana alompamba, na mpiga picha, na mashoga watatu, hao wote wameshaona pahala.

Weka studio kwenye Google Maps, picha ya mlango, picha ya njia ya kuingilia kutoka barabara kubwa, mana Kwarara mtu anapotea. Kwenye ukurasa pandisha picha ya chumba kitupu chenye vipimo, orodha ya vifaa na bei. Bei iwepo! Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inakufukuzia watu wa maana, mpiga picha anapanga bajeti usiku wa manane na hana muda wa kukuuliza. Picha za kabla na baada zinafanya kazi sana kwa wenye maduka, nguo ile ile juu ya kitanda na nguo ile ile studio. Na WhatsApp ijibiwe haraka, anouliza Jumatatu akijibiwa Jumatano ameshakwenda kwengine.

Panga mwaka wako kwa kalenda yetu. Harusi zinabanana kabla ya Ramadhani, Rajabu na Shaabani, na zinarudi Mfunguo Mosi mpaka Mfunguo Tatu. Wauza nguo za sikukuu hawatakiwi kupiga Ramadhani, watakuwa wamechelewa, watumie ujumbe Rajabu: mzigo wenu ukifika pigeni Shaabani. Ramadhani yenyewe mchana funga, fungua baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, watu wako macho na wanapenda kutoka usiku. Skukuu usiuze saa, uza nusu siku kwa mpiga picha mmoja anopanga watoto wa Idi dakika kumi na tano kila mmoja, yeye anapata na wewe umejaza. Ijumaa funga kutoka saa 5 na nusu mpaka saa 8. Anorekodi video yenye sauti mpe ratiba ya adhana pamoja na buking yake, ajue wakati wa kusimamisha. Masika, hoteli nyingi zinapofunga Aprili na Mei, wapiga picha wa mahotelini wanakaa bure na mvua inawazuia ufukweni, hao wape bei ya masika. Na mahafali ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, na vyuo vyengine yakikaribia, joho moja na bekigraundi ya kijivu vinalipa vizuri.

Makaratasi: jina lisajili BPRA (wakala wa usajili wa biashara), jisajili ZRA (mamlaka ya mapato Zanzibar), leseni ya biashara, na risiti za kielektroniki uwe nazo tokea mwanzo kwa sababu hoteli, benki na wizara hazikulipi bila ya risiti, na picha za wafanyakazi wa ofisi ni kazi ya siku za kati tupu. Wanaokuja kurekodi filamu au video za muziki waulize kibali chao cha BASSFU, baraza la sanaa na sensa ya filamu, kabla ya kupokea pesa yao.

Kuhusu akiba yako, usimalize yote kwenye vifaa. Ile milioni 14.4 niloitaja ni ya vifaa vyote ukishakamilika. Wewe anza na kama milioni 8: AC, laiti mbili za LED, flashi mbili za betri, karatasi, pazia, chumba cha kubadilishia, rangi. Ilobaki iweke benki, ni gharama za miezi mitatu ya kungojea jina lishike. Flashi ya tatu na vyengine vinunue kwa pesa ya studio.

Na la mwisho, usione haya kulifanya hili. Kaa na baba, muandikishiane mkataba wa hiyo frem, miaka mitatu, kodi kiasi gani, AC na chumba ulichojenga ni vya nani ukitoka, na ndugu zako wawepo wakisikia. Leo ni frem tupu haina anoitaka. Ikishaanza kuingiza pesa kila mtu ndani ya nyumba atakuwa na shauri lake, na wewe umeshatia milioni 8 kwenye kuta zisizo zako.